Wino wa Mkuu wa Idara

Siku mkuu wa idara alipofuta utafiti wa binti, hakumwita ofisini. Alimkuta kwenye korido amebeba ndoo ya maji ya samaki wa maabara, akamwambia pale pale, wenzake wanane wakisikia, kwamba vyura wake walikusanywa kabla kibali hakijasainiwa, kwa hiyo kazi yote ni batili, na akiitaka shahada itabidi arudie mwaka kwa mada nyingine. Kibali chenyewe kilikuwa kimekaa juu ya meza yake miezi minne. Hilo hakulitaja. Alimgusa bega, akamwambia sayansi ni nidhamu, kisha akaenda zake kunywa chai.

Binti hakulia. Aliwabadilishia samaki maji kwanza, maana samaki hawakuwa na kosa, halafu akashika njia ya nyumbani.

Idara ya Zuolojia ya chuo kile ilikuwa ndogo ya kutia huruma: vyumba vitatu, korido moja, walimu wanne, wanafunzi tisa wa mwaka wa mwisho na mhudumu mmoja wa maabara. Mhudumu huyo ndiye mama yake binti. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefagia, ameosha vyombo, amelisha panya na kujaza spiriti kwenye chupa za wanyama waliohifadhiwa. Tena kila Ijumaa alibeba koti jeupe la mkuu akaenda kulifua na kulipiga pasi kwake. Kazi ya koti haikuwamo kwenye barua yake ya ajira. Ilianza kama ombi, ikageuka mazoea, na mwishowe mkuu akawa analalamika kwamba kola haijanyooka. Wanafunzi, kwa siri, walimwita mkuu huyo Koti.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti pale idarani. Koti alikuwa mtaalamu wa ndege. Ndege aliwajua kwelikweli, hilo asinyimwe. Ndege hukaushwa, hujazwa pamba, hufungwa karatasi mguuni, basi. Wale wanaokaa kwenye spiriti, yaani vyura, samaki, nyoka na konokono, walikuwa mikononi mwa mhudumu tangu zamani. Yeye ndiye aliyepima spiriti, ndiye aliyeandika lebo, na ndiye aliyewasahihisha walimu kwa upole hadi wakadhani wamejisahihisha wenyewe. Alikuwa na kanuni moja tu, na binti aliijua tangu hajajua kusoma: mnyama asiye na lebo ni mzoga, na kwenye lebo unaandika kila kilichompata. Ukimvunja mguu wakati wa kumkamata, andika umemvunja mguu. Amekufa kwa ajili yako, angalau usimsingizie.

Nyumbani kwao sebule ndiyo karakana. Cherehani ya baba ilikaa chini ya dirisha, na mtu akitaka kukaa kwenye kochi lazima kwanza aondoe suruali za watu. Fundi alimsikiliza binti hadi mwisho, mguu umetulia juu ya kanyagio, futi imening'inia shingoni.

“Niende nikampime sanda?” akauliza.

Binti alitabasamu kidogo, kisha uso ukamvunjika. Miezi kumi na minne alikuwa ameshinda mitaroni na mabuti ya kuazima, watoto wakimfuata nyuma wakimwita Mama Vyura, wanaume wakimuuliza kama anawapika. Chupa arobaini na tatu. Na katika hizo, chupa moja ndogo ilikuwa na chura wa ukubwa wa kidole gumba, tumbo jeupe lenye safu mbili za vitone vyeusi, ambaye hakuwamo kwenye kitabu chochote cha idara. Alimpata mara moja tu, kwenye mtaro wa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama yake alimtazama chura yule kwa lenzi muda mrefu, kisha akasema huyu hajawahi kumwona. Kwa mwanamke aliyeona kila kilichopita kwenye jengo lile kwa miaka ishirini na miwili, maneno hayo yalikuwa makubwa kuliko shahada.

Mhudumu aliporudi jioni hakuuliza mengi. Aliuliza chupa ziko wapi. Binti akasema mkuu amezihamishia ofisini kwake, anadai ni mali ya idara. Mama akavua viatu, akakaa juu ya suruali za watu bila kuziondoa.

*

Kesho yake Koti alimwagiza mhudumu kadi ngumu nyeupe, koleo ndogo na lita moja ya spiriti. Mhudumu alishangaa. Lini mtu huyu aliwahi kushika spiriti? Akampelekea alichotaka, kisha saa nne akampelekea na chai bila kuagizwa.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Chupa za binti zilikuwa zimepangwa mezani, na mkuu alikuwa akizifungua moja moja. Anachomoa lebo kwa koleo, anainakili kwenye kadi mpya, ya zamani anaitupa kwenye ndoo ya taka, ya kwake anaitumbukiza ndani. Jina la binti lilipokaa, aliandika la kwake. Aliandika kwa kalamu ya wino wa buluu, ile aliyozawadiwa alipopata ukuu.

Umama uliokuwa ndani yake uliona wizi. Lakini aliyefungua mdomo kwanza alikuwa mhudumu, kwa mazoea tu ya miaka mingi ya kumnusuru.

“Mkuu, hiyo kalamu…”

“Mama.” Hakuinua uso. “Kazi yako ni kufagia na kufunga mlango. Umeshafagia. Funga mlango.”

Maneno yaliyobaki mdomoni mwake yalikuwa manne: wino huchuja kwenye spiriti. Mwanafunzi wa wiki ya pili alilijua hilo, na alilijua kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha. Ndiyo maana lebo za kwenye spiriti huandikwa kwa penseli. Lakini karatasi ya mguuni mwa ndege huandikwa kwa kalamu yoyote, ikakaa hivyo miaka mia, na Koti alikuwa amezoea ndege. Mhudumu alitua kikombe, akayameza yale maneno manne, na yalipopita kooni akasikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu jana. Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Jioni alibeba ndoo ya taka ya mkuu kama kawaida. Ila taka ya siku hiyo haikufika jalalani.

Lebo arobaini na tatu zilitandazwa kwenye meza ya kupigia pasi, zimelowa, zinanuka, na kila neno linasomeka. Fundi aliziwekea kitambaa juu akazipitishia pasi ya uvuguvugu, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuupa hata suti ya bwana harusi. Binti alizipanga kwa mitaro. Mwishoni mwa kila lebo kulikuwa na mstari ambao mkuu hakuunakili: uzi wa kijani, vifundo viwili; au uzi mwekundu, vifundo vitano.

Hiyo ilikuwa kazi ya fundi. Binti alipoanza utafiti alilalamika kwamba chupa zikichanganyika hatajua chura yupi ametoka wapi, na baba akamwambia wateja wake nao wana suruali nyeusi thelathini zinazofanana, lakini hajawahi kumpa mtu ya mwenzake, kwa sababu kila suruali ina uzi wake kwa ndani. Basi kila mtaro ukapewa rangi yake, kila chura idadi ya vifundo, uzi ukafungwa mguu wa nyuma wa kushoto. Fundi aliloweka nyuzi kwenye spiriti wiki nzima kwanza, akazitupa zote zilizochuja. Koti aliziona zile nyuzi, akazichukulia kuwa mambo ya cherehani, na kufungua vifundo kwenye miguu arobaini na tatu kungemchosha.

Binti alitaka kwenda kwa mkuu wa chuo asubuhi yake. Mama akamkatalia.

“Ukienda kesho mkuu wetu atasema umeziandika leo. Baada ya siku kumi na sita anakuja mtaalamu wa makumbusho kumtazama huyo chura. Kamwalika yeye mwenyewe. Subiri mtaalamu. Niahidi.”

Binti aliahidi. Alidhani anasubiri shahidi. Kuhusu wino hakuambiwa neno.

Aliyeambiwa ni fundi, binti alipotoka kwenda dukani. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha bitana. Halafu akasimamisha cherehani.

“Na wale vyura je?”

Mhudumu alikuwa akilikunjua koti la mkuu juu ya meza.

“Imebaki kola tu,” akasema.

*

Siku zile kumi na sita zilikuwa ndefu. Jina la binti lilibandikwa ubaoni peke yake chini ya neno ATARUDIA, na karatasi ikawekwa pale ambapo kila anayekwenda msalani lazima aione. Mwenye mabuti akayataka mabuti yake. Wanafunzi wenzake walianza kumsalimia kwa ile sauti ya msibani. Siku moja Koti alimkuta maktaba akamuuliza kwa upole, mbele ya watu, kama ameshafikiria kusoma kitu chepesi zaidi.

Binti alirudi nyumbani siku hiyo akasema hawezi tena, anakwenda kusema. Tena, akaongeza, malori yameanza kumwaga kifusi kwenye mtaro wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, wanataka kujenga maegesho, na yule chura hatapatikana mwingine pale. Fundi akamtazama mkewe. Mhudumu akasema zimebaki siku tano. Alisema bila kutetereka, lakini mkono wake ulikwenda kwenye kopo la vifungo walimoficha zile lebo, ukaligusa, ukarudi.

Asidhani mtu kwamba mama huyu aliteseka sana. Kusema kweli, alikuwa akifurahia. Kila asubuhi alipofagia ofisi ya mkuu alilitazama kabati lililofungwa kwa ufunguo na kuwaza wino unavyotoka kwenye kadi polepole, herufi baada ya herufi, jina la mtu likiyeyuka gizani bila yeye kujua. Alikuwa akifagia huku anaimba kidogo.

Ijumaa ya mwisho, kabla hajalifua lile koti, alikuta mfukoni karatasi ya hotuba. Aliisoma akiigiza sauti ya mkuu mwenyewe: baada ya miaka mingi ya kutembea mitaroni, mimi na mabuti yangu. Fundi aliomba arudie. Akarudia. Kisha akairudisha mfukoni ilivyokuwa, akalipiga koti pasi ambayo hajawahi kulipiga. Kola ilisimama yenyewe. Alitaka siku hiyo mtu apendeze.

*

Mtaalamu wa makumbusho alikuwa mama wa makamo anayeelekea uzeeni, miwani imefungwa kwa kamba, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu huku anatazama mikono yake. Mkuu wa chuo naye alikuja. Wanafunzi walipangwa kuhudumia chai, na binti akapewa sinia. Mhudumu aliambiwa akae mlangoni, akakaa mlangoni.

Koti alitoa hotuba yake yote, na mabuti yake. Kisha akatoa ufunguo, akafungua kabati.

Chupa zilikuwa zimesimama safu nne, na ndani ya kila moja spiriti ilikuwa imegeuka buluu, kama maji ya kufulia kaptura mpya ya shule. Kadi zilikuwa humo, nyeupe pee. Mtaalamu akainua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza huyu ametoka wapi. Koti akaipokea, akaigeuza na yeye. Akachukua ya pili. Ya tatu akaitikisa. Kufika ya sita jasho lilikuwa limeshaiangusha ile kola.

Mhudumu aliutazama uso ule bila kupepesa. Aliona mashaka yakiingia, akaona hesabu zikipigwa, akaona hofu. Na mwisho akaona kile alichokingoja siku kumi na sita: macho ya mkuu yakimtafuta yeye, kama yalivyomtafuta kila jambo lilipoharibika kwa miaka ishirini na miwili.

“Mama, umezifanya nini lebo?”

“Sijazigusa, mkuu. Uliandika mwenyewe. Mimi nilifunga mlango.”

Mtaalamu aliitazama kalamu iliyochomekwa kwenye mfuko wa koti.

“Uliandika kwa hiyo?”

“Ndege wangu wote…” Koti alianza, akaishia hapo.

Mhudumu akamgeukia binti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mwanangu, weka sinia.”

Binti akaweka sinia, akatoa kopo la vifungo kwenye mkoba. Alimwomba mtaalamu achague chupa yoyote. Akamwinua chura kwa koleo, akahesabu: uzi mwekundu, vifundo vitatu. Akatafuta kwenye kopo, akasoma: mtaro wa nyuma ya stendi, tarehe, saa, jina lake. Mtaalamu akachagua nyingine, na nyingine. Mkuu wa chuo akavaa miwani akaanza kuhesabu vifundo mwenyewe kwa kidole. Kwenye ya kumi na mbili mtaalamu akasema inatosha, akauliza nani alifunga nyuzi hizi.

“Baba yangu. Ni fundi cherehani.”

Kisha wakafungua ile chupa ndogo. Kwenye kadi ya chura yule Koti alikuwa ameandika kuliko kote, mbele na nyuma, wino mzito wa kujisifu, na chupa yenyewe ilikuwa ya kuingia kiganjani. Chura alitoka wa buluu toka pua hadi vidole. Uzi wake mweupe ulikuwa wa buluu. Mtaalamu alimlaza chini ya lenzi, akalitafuta tumbo, akazitafuta safu mbili za vitone, akatafuta tena. Mwishowe akasema, kwa sauti ya huzuni ya kweli, kwamba huenda ni mpya na huenda si mpya. Kwa huyu hawezi kusema. Itabidi apatikane mwingine.

“Mtaro wake umefukiwa,” binti akasema. “Juzi.”

*

Haikupita wiki mkuu wa idara akaambiwa akapumzike, neno ambalo chuoni lilimaanisha asirudi. ATARUDIA ikabanduliwa ubaoni. Utafiti wa binti ulipokelewa, ukapewa alama ambazo idara ile haikuwahi kumpa mtu, na kwenye sura ya chura mdogo kukaandikwa: hakuthibitishwa.

Koti alipokuwa akifunga ndege wake kwenye maboksi, mhudumu alimpelekea koti, limepigwa pasi, kola imenyooka. Akalitundika msumarini.

“Ulijua,” mkuu akasema.

“Nilijua.”

“Ungesema neno moja tu, mama.”

“Nilikuwa nimeshafagia, mkuu.” Akashika kitasa. “Nifunge mlango?”

Aliisimulia hadithi hiyo nyumbani kwa kuigiza, mara yeye mara mkuu, na fundi alicheka mpaka sindano ikamchoma. Binti hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kochi akipiga hesabu ya siku.

“Ulimwona akiandika kwa wino. Siku ile ya chai.”

“Nilimwona.”

“Siku ile chura angeokoka.”

“Angeokoka.”

“Hukuniambia.”

“Ningekuambia ungekimbia kumwokoa.”

Hilo lilikuwa kweli, na wote watatu walilijua. Fundi akainama kwenye cherehani akatafuta uzi ambao haukupotea.

“Mama, mtaro umefukiwa. Ningeweza kuupata ule uthibitisho.”

Mhudumu alitafuta majuto moyoni, maana aliona mwanawe anayahitaji, lakini hakuyapata, na kudanganya hakuwahi kujifundisha.

“Chura tutamtafuta mitaro mingine,” akasema. “Uso ule wa mkuu nisingeupata pengine popote.”

Binti akainuka, akaingia ndani.

Asubuhi walikuwa maabara wawili, wakizirudishia chupa lebo zake na spiriti safi. Walifanya kazi hadi ikabaki chupa ndogo. Lebo ya chura yule, binti aliiandika upya, kwa penseli, taratibu, kisha akaisukuma mbele ya mama yake. Ilikuwa kazi ya mhudumu kukagua kila lebo kabla chupa haijafungwa.

Mhudumu akasoma. Mtaro wa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Uzi mweupe, kifundo kimoja. Jina la aliyemkusanya. Na chini, mahali pa yaliyompata: Ameharibiwa na wino wa mkuu wa idara. Mhudumu wa maabara aliona, akanyamaza.

Alisoma mara ya pili. Binti alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, mikono mifukoni, anasubiri.

“Umesahau tarehe,” mama akasema.

Akachukua penseli, akaijaza mwenyewe, tarehe ya siku ile ya chai. Kisha akaitumbukiza lebo kwenye spiriti, akakaza kifuniko mpaka kikagoma kuzunguka.